Siku Abti Alipotoka Mkutanoni

Kwetu mjomba huitwa abti, na neno hilo huenda na kurudi: mimi namwita abti, naye ananiita abti, hata sasa nikiwa mama wa watoto wakubwa. Abti yangu ndiye aliyenisomesha. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao mifugo ya upande wa baba iliteketea kwa ukame, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweka mtoto wa kike shuleni. Abti akaja na lori la mbuzi, akanikalisha mbele kati yake na dereva, akanileta Garissa mjini. Karo, sare, godoro la bweni, vyote vilitoka kwake. Nilipomaliza chuo cha ualimu alichinja mbuzi wawili akaalika mtaa mzima. Nayasema haya mapema kabla sijamlaumu mtu, maana mimi nikianza kulaumu huwa sijui kusimama.

Yeye ndiye mwenyekiti wa bodi ya shirika letu. Ni shirika dogo tu, la kuchimba visima na kupeleka maji wakati wa kiangazi, na ofisi yake ni vyumba vitatu nyuma ya duka la magodoro, kando ya barabara iendayo soko la mifugo. Bodi ina watu saba. Mimi ni katibu, kwa sababu nafundisha Kiswahili na mwandiko wangu unasomeka. Mikutano hufanywa kwa Kiswahili kwa ajili ya mjumbe mmoja tu, afisa mstaafu wa kilimo, mtu wa bara aliyeishi hapa mpaka meno yakaanza kumtoka na bado akiulizwa kitu husema, “Mimi ni mgeni wenu.” Kwa heshima yake, wazee waliozoea kugombana kwa Kisomali hujikaza wakagombana kwa Kiswahili.

Mwaka huo wafadhili walituletea mama mmoja kutoka Nairobi atufundishe juu ya mgongano wa maslahi. Alikuwa mpole, miwani ikimteleza puani kwa jasho. Swali lake la kwanza lilikuwa nani kati yetu ana ndugu katika sehemu tunazohudumia. Tukainua mikono sote, na dereva aliyekuwa amepita kuleta maji ya kunywa naye akainua wake. Mama akacheka, nasi tukacheka. Kisha akagawa fomu zilizotaka kila mtu aandike ndugu zake wa karibu, na sheikh, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, akauliza swali la haki kabisa:

“Karibu iko mpaka babu ya ngapi?”

Mama hakuelewa. Sheikh akamweleza kwamba sisi hujuana kwa kuhesabu mababu, kuna wa babu wa tatu, kuna wa babu wa kumi, na wote ni ndugu, sasa yeye anataka wa wapi? Mama akasema wa nyumba moja wanatosha. Sheikh akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa na mwenzake kwamba hana kwao.

Lakini kanuni yenyewe tuliipenda. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo lililo mezani atatangaza, kisha atatoka nje. Waliobaki watazungumza kwa uhuru, watakata shauri, ndipo aitwe. Abti aliisifu mbele ya wote. Alisema ni kanuni ya kiungwana, inamwokoa mtu na maneno ya watu. Tukatia sahihi, tukala pilau, mama wa watu akarudi Nairobi akiamini amefanya kazi.

Miezi michache baadaye tukapata fedha za kisima kimoja cha mashine. Mahali pawili palikuwa pamepimwa na wataalamu na kote kuwili maji yalikuwapo chini. Pa kwanza palikuwa kijiji cha mbali, unaacha barabara ya Hulugho na kuingia vichakani mpaka unadhani dereva amepotea. Pa pili palikuwa malisho ya kaka zake abti wa baba mmoja, ambako ngamia zake mwenyewe pia huwa huko. Asiyetoka huku huenda akaona ni kisima tu. Huku kisima kikichimbwa, watu hujenga pembeni, wakishajenga huomba shule, shule ikija na chifu anakuja, na baada ya muda hakuna wa kuwaambia hapo si kwenu. Na pasipopata maji hayo mambo huenda kinyume chake.

Wiki moja kabla ya mkutano alikuja ofisini mwanamke kutoka kile kijiji cha kwanza. Alikuwa mkuu wa kamati yao ya maji, mtu wa makamo, mrefu, na alikuwa amepanda lori la mkaa siku nzima. Aliniita inaadeer, mtoto wa amu. Ni wa upande wa baba yangu, ingawa ukituhesabia mababu utafika wa saba ndipo tukutane. Hakutaka hata soda. Tulizungumza Kisomali, na maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu hakupamba chochote.

“Bwawa letu limebaki matope,” alisema. “Watoto wakifika shuleni wanarudishwa wakatafute maji. Mwalimu amesema akimaliza muhula huu anaondoka. Shule ikifungwa tutahama, inaadeer, na tukihama hatutarudi. Nimesikia nyinyi mtakaa mkate shauri. Sitaki pesa, sitaki chakula. Nataka mtu mmoja ndani ya kile chumba aseme kwamba sisi tuko.”

Nikamwambia nitasema. Nilisema hivyo bila kufikiri, nikamshika mkono, na hata nikaapa. Mimi ni mwepesi wa kuapa.

Siku ya mkutano joto lilikuwa limeanza asubuhi, feni ikizungusha vumbi tu. Tulipofika ajenda ya kisima, abti akainua mkono kama mwanafunzi. Akasema, kwa Kiswahili chake ambacho p mara nyingine hugeuka b:

“Mimi natangaza. Hiyo mahali ya bili ni ya ndugu zangu, na ngamia yangu iko huko. Kwa sheria yetu, mimi natoka nje. Nyinyi semeni bila woga.”

Akachukua bakora yake na shali, akasimama. Nasi tukasimama sote, maana mzee akiinuka huwezi kubaki umekaa. Akatoka, akafunga mlango mwenyewe. Kupitia dirishani nilimwona akikaa kwenye kiti cha plastiki barazani, ametupa mgongo, ncha ya ndevu zake zenye hina ikionekana kila alipogeuza kichwa.

Tukakaa. Hakuna aliyesema.

Afisa mstaafu alitazama huku na huku, akakohoa. “Sasa tuseme, wazee?”

“Tuseme nani?” akauliza sheikh.

“Tuseme habari ya kisima.”

“Mwenye maneno hako habo ndani,” sheikh akasema, akivuta tasbihi yake punje kwa punje. “Kusema mtu nyuma yake ni haramu. Hii hata mtoto ya madrasa anajua.”

“Si kumsema yeye, sheikh. Ni kusema kisima.”

“Kisima ni ya ndugu zake. Ukisema kisima, umesema yeye.”

Afisa akajifuta jasho shingoni. “Mimi ni mgeni wenu,” akasema.

Ndipo nikaona tulichokuwa tumejifanyia. Wazee wale nawajua. Kama abti angekaa pale kwenye kiti chake, wangemvaa. Wangempigia meza, wangemkumbusha makosa ya babu yake, wangemwambia usoni kwamba ana tamaa ya maji, naye angejibu, na kufikia adhuhuri neno lingekuwa limepatikana. Hivyo ndivyo wanavyojua kushauriana, mtu na mtu, macho kwa macho. Lakini kumtoa mtu nje kisha umjadili, hilo kwao lina jina lake, ni ghiba, na dhambi yake wameifundishwa kabla ya kujua kusoma. Mama wa Nairobi alitupa kanuni ya kutufungua midomo, ikatufunga. Na sisi, wenye akili zetu, tuliitia sahihi bila hata mmoja kuliona hilo.

Dini hiyo naiheshimu. Ila sikunyamaza kwa sababu ya dini. Nilijua sawasawa tofauti ya kumsengenya mtu na kuzungumza habari ya maji, na nilikuwa nimeapa. Maneno nilikuwa nayo tayari, tangu alfajiri nilikuwa nikiyapanga. Nilimtazama abti kupitia dirishani, shingo yake iliyokonda, nikamkumbuka akinifunga mkanda wa viatu kwenye lori lile la mbuzi. Kisha nikajitafutia na sababu ya pili. Nikawaza kwamba nikisema, watasema damu ya baba yangu ndiyo inayozungumza, kwani kile kijiji ni watu wangu. Na kweli, katika fomu ya ndugu nilikuwa nimeacha mstari wazi. Kama ningeifuata kanuni vizuri ningepaswa na mimi kutoka, nikakae barazani karibu na abti, tukitazamana. Basi nikaliona ni jambo la haki kunyamaza. Nilijisikia hata mnyenyekevu kidogo. Naandika haya uso ukiniwaka kwa aibu.

Chai ikaletwa, tukanywa. Mwishowe mweka hazina akasema, “Basi mzee arudi.” Hakuna aliyeinua mkono kukubali wala kukataa, na kwetu kulinyamazia jambo la mzee ni kumkubalia. Nilimwitia abti mlangoni, akaingia, tukasimama tena.

“Mmekata?” akauliza.

“Tumekata. Tumekubali,” sheikh akamjibu.

Abti akanigeukia mimi. “Abti, umeandika?”

“Nimeandika.”

Alibaki amesimama kidogo, bakora mkononi, akinitazama kuliko kawaida. Mimi nilidhani anaona fahari. Kisha akakaa, tukaendelea na ajenda nyingine.

Jioni hiyo niliandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili changu kizuri cha mwalimu: “Mwenyekiti alitangaza maslahi yake na kutoka nje. Baada ya majadiliano ya kina, wajumbe waliafikiana kisima kichimbwe mahali pa pili.” Majadiliano ya kina! Punje za tasbihi na vikombe vya chai. Wafadhili walipozisoma waliandika barua ya pongezi, wakasema kumbukumbu zetu zitatumika kufundishia mashirika mengine. Barua hiyo ilibandikwa ukutani ofisini na nilipita mbele yake kila nilipokwenda kuchukua funguo.

Mtambo ukaenda kuchimba kwa kaka zake abti. Maji yakatoka, matamu, hayana chumvi hata kidogo. Watu walichinja, wakapiga picha. Kule kwa inaadeer, lori la maji lilikwenda mara mbili kisha likaharibika, na lilipotengenezwa likapangiwa kwingine. Muhula ulipoisha mwalimu akaondoka kama alivyosema. Habari za shule kufungwa nilizipata kutoka kwa dereva wetu, ambaye alizitaja tu kama unavyotaja bei ya nyama, hakujua zilikuwa zinanihusu.

Hasira ikanipanda. Na mtu mwenye hatia akikasirika hutafuta wa kumwangushia. Nilipanda tuktuk baada ya alasiri nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa abti. Nilimkuta ameketi mkekani, chupa ya chai ubavuni, na hata salamu sikuimaliza.

“Abti, umetutumia,” nikamwambia. “Umekaa pale nje kama mtu safi, na sisi ndani tukakuchimbia kisima.”

Sijawahi kumwambia maneno kama hayo, na nilitarajia atanifukuza. Alinimiminia chai kwanza. Kisha akasema, taratibu, kwa Kisomali:

“Kaka zangu walikuja hapa. Walikaa hapo ulipokaa. Wazee, wana ndevu nyeupe, wananiomba maji. Ulitaka niwaambie hapana kwa mdomo wangu mwenyewe?”

“Ungetuambia sisi.”

“Niliwaambia wao. Niliwaambia bodi ina sheria, mimi nitatoka nje, na hao wakikataa sina la kufanya. Wakaridhika. Mngekataa, ningerudi kwao uso wangu ukiwa mzima na maji yangekwenda kwa wenye kiu.” Akaifunga chupa ya chai. “Nilitoka nje nikijua wewe uko ndani, abti.”

Nilikiweka kikombe chini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla.

“Nikuambie nini? Simama unikatae? Hapo ningekuwa nimekataa mimi.”

Mpaka leo sijui kama ndivyo alivyokusudia siku ile au kama ni maelezo yaliyomjia baadaye, alipoanza kusikia watu wakimnong’ona sokoni. Mtu mzima anaweza kujitengenezea kumbukumbu akazilalia kwa raha. Lakini ule mtazamo wake aliporudi chumbani, bakora mkononi, nimeufikiria sana, na kila nikiufikiria sioni fahari ndani yake. Naona mtu aliyengoja kitu na hakukipata. Nililia njia nzima nikirudi nyumbani, na dereva wa tuktuk alikuwa muungwana, akaongeza sauti ya redio.

Mkutano uliofuata, kabla kumbukumbu za siku ile hazijathibitishwa, niliomba kusahihisha. Nikasema yale maneno ya majadiliano ya kina ni ya uongo, niliyaandika mimi, hapakuwa na majadiliano hata kidogo. Sheikh alikasirika, akasema nawavua nguo. Abti ndiye aliyesema, “Andika ilivyokuwa.” Nikapendekeza pia kwamba tangu siku ile mwenye maslahi asitoke kwanza. Akae, tumwambie yote usoni, naye ajibu, kisha atoke wakati wa kukata shauri tu. Hilo wazee walilipenda mara moja, tena wakashangaa kwa nini hawakulifikiria. Afisa mstaafu akaliunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Barua ya pongezi niliibandua mwenyewe.

Yote hayo yalikuwa mazuri, na hayakumfikishia mtu yeyote hata mtungi mmoja wa maji. Nilijua kuna mtu mmoja ambaye bado sijamwambia. Nikaomba gari la shirika linalokwenda kukagua pampu, nikapanda.

Kwanza tulipita kijijini kwa inaadeer. Nyua za miiba zilikuwa bado zipo, zimeachwa wazi. Vibanda vilikuwa vimevunjwa, mikeka na miti yake imebebwa, na palipokuwa na nyumba pamebaki miduara ya udongo uliofagiliwa. Mlango wa shule ulikuwa umefungwa kwa waya. Dereva alisema walishahamia kisimani, kwani wangeenda wapi tena.

Kisima cha kaka zake abti kilikuwa kimeshakuwa mji mdogo. Paliuzwa sukari, palikuwa na msikiti wa mabati, na mabirika marefu ya saruji yaliyozungukwa na ngamia. Waliohamia walikuwa wamejenga pembeni kabisa, upande ambao upepo unapeleka vumbi la mifugo. Wenye kisima hunyweshea ngamia zao kwanza, kisha ng’ombe, kisha mbuzi, ndipo wageni wateke. Si ukatili, ni desturi ya kila mahali huku. Tungewachimbia wao, wangefanya vivyo hivyo.

Nilimkuta kwenye foleni ya wanawake, mitungi yake miwili ya manjano miguuni, jua la saa saba likiwa kichwani. Alikuwa amekonda. Aliponiona akatabasamu kwa furaha ya kweli, akaniuliza habari ya kila mtu, wanangu, mama, hata abti.

“Nilisikia mlikaa sana siku ile,” akasema. “Nikawaambia watu wangu, inaadeer ametusemea. Ila alikuwa mmoja kati ya wazee, angefanya nini? Mungu akulipe. Angalau tulisemwa.”

Ningeweza kuinamisha kichwa tu. Maneno yale yalimpa nafuu, na nilikuwa nimekuja kumnyang’anya hata hayo.

“Sikusema,” nikamwambia. “Niliapa, na sikusema hata neno moja. Hakuna aliyesema. Kisima kiliamuliwa bila nyinyi kutajwa.”

Tabasamu lilimtoka polepole. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane, na nadhani alikuwa na matusi ya kutosha. Lakini macho yake hayakubaki kwangu. Yalikwenda kwa wanaume waliokuwa birikani wakipigia ngamia miluzi, yakaenda kwa mlinzi wa pampu, yakarudi kwenye mitungi yake.

“Punguza sauti, inaadeer,” akasema. “Hapa tunakunywa maji ya watu.”

Foleni ikasogea. Akainama, akaisukuma mitungi yake mbele hatua moja.